Zebaki kwenye marudio: namna ya kuinyima njia ya kuingia ndani ya bakteria

Mchimbaji mdogo akiulizwa zebaki yake imekwenda wapi, atataja moshi. Ni kweli, na moshi huo ndio unaomuumiza yeye kwanza, pamoja na anayepika jirani na watoto wanaocheza uani. Lakini kila anayekamatisha dhahabu kwa zebaki huacha nyingine kwenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, imegawanyika vipunje ambavyo jicho halivioni, na hiyo ndiyo ninayotaka tuishughulikie. Zebaki hiyo ikikaa pakavu, chini ya udongo, inaweza kulala miaka mingi bila kuingia kwenye chakula cha mtu. Ikiingia ndani ya bakteria wa topeni, hutoka ikiwa sumu nyingine kabisa, inayopanda kutoka kwenye mwani hadi kwa samaki, na kutoka kwa samaki hadi kwa mtoto ambaye bado yumo tumboni. Kati ya hali hizo mbili kuna utando mwembamba wa seli, na mambo yanayoamua kama zebaki itauvuka au haitauvuka mengi yako mikononi mwa mwenye mwalo wa kuchenjulia, awe Geita, Kahama, Chunya au Migori.

Nitaeleza kwanza utando wenyewe. Ukishauelewa, ushauri unaofuata utaweza kuutumia hata katika hali ambayo sikuitaja.

Jinsi zebaki inavyovuka

Utando wa bakteria ni mwembamba kiasi kwamba tando zaidi ya laki moja zikipangwa moja juu ya nyingine zinaenea katika milimita moja. Ni safu mbili za molekuli za mafuta ambazo mikia yake imeelekeana, na katikati ya mikia hiyo maji hayana nafasi. Chembe yenye chaji ya umeme inapenda maji, kwa hiyo hukwama nje ya mafuta hayo mpaka ipate protini ya kuipitisha. Molekuli ndogo isiyo na chaji haihitaji msaada, hupenya yenyewe.

Sasa tazama zebaki. Ile ya kimiminika unayoiona kwenye chupa haina chaji. Kiasi chake kidogo sana huyeyuka majini, na hicho kidogo hupita kwenye utando wowote bila kizuizi, uwe wa bakteria au wa pafu la binadamu. Ndani ya seli, vimeng'enya huinyang'anya elektroni na kuigeuza ioni. Kazi hiyo hiyo hufanyika taratibu nje ya seli pia, kwa oksijeni, mwanga wa jua na vitu vilivyooza. Ioni ya zebaki ina chaji mbili chanya, na kama ingebaki hivyo utando ungeizuia. Lakini haibaki peke yake, hutafuta wenza. Ikishikana na kloridi mbili, chaji zinafutana, na molekuli inayopatikana hupenya mafuta kwa wepesi wa ajabu. Mwaka 1981 John Gutknecht wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alipima jambo hili kwenye tando za mafuta zilizotengenezwa maabara, akakuta kloridi hiyo ya zebaki inapenya kwa zaidi ya mara milioni moja kuliko ioni za sodiamu au potasiamu. Kloridi zikiongezeka zikawa tatu au nne kwa kila zebaki, chaji inarudi, safari hii hasi, na mlango huo unafungwa. Kwa hiyo maji ya bahari na maji baridi ya mto hayaipi zebaki nafasi sawa, hata kama kiasi chake ni kile kile.

Njia ya pili hupitia vitu vilivyooza. Mwaka 2009 Jeffra Schaefer na François Morel wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza bakteria aitwaye Geobacter sulfurreducens. Walipoongeza sisteini, ambayo ni asidi amino yenye salfa ndani yake, zebaki iliingia kwa kasi zaidi na ikageuzwa sumu kwa kasi zaidi. Sisteini imo katika protini za viumbe vyote. Penye majani yaliyooza, mavi ya ng'ombe, mizoga au maji ya choo, kuna vitu vya jamii hiyo. Nakuomba ulikumbuke hili tutakapofika kwenye bwawa la marudio.

Kinachotokea ndani ndicho kinachotisha. Baadhi ya bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni huipachika zebaki kundi la methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu. Wengi wao ni wale wanaopumua kwa salfeti au kwa chuma, wakisaidiwa na jamaa zao wanaotoa gesi ya methani. Mwaka 2013 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Tennessee, na wenzao walitambua jeni mbili, hgcA na hgcB, ambazo bila hizo bakteria hana uwezo huo. Zebaki iliyopachikwa methili, ambayo nitaiita methili-zebaki, hutoka nje ya bakteria na kuanza safari yake. Kwenye maji huweza kushika kloridi moja, ikawa haina chaji, ikaingia kwenye seli za mwani. Na hapa ipo tofauti ambayo watu wengi hawaijui: zebaki ya kawaida ikimfikia mwani huganda zaidi kwenye tando zake, na mdudu mdogo anayekula mwani huitoa kwenye kinyesi. Methili-zebaki huenda hadi kwenye ute wa ndani wa seli, sehemu inayomeng'enywa, kwa hiyo inabaki mwilini mwa mlaji, na mlaji wa mlaji. Ndani ya mwili wa binadamu hujishikiza kwenye sisteini na kufanana na methionini, asidi amino ambayo ubongo na kondo la nyuma huipokea kwa hiari. Kila hatua ya safari hiyo ni utando uliovukwa.

Wapo pia bakteria wanaoipokea zebaki makusudi ili kujiokoa. Wana protini moja nje ya utando wa ndani inayoidaka, nyingine ndani ya utando inayoipitisha, na kimeng'enya kinachoirudisha kuwa mvuke na kuitoa hewani. Ni viumbe vya kustaajabisha, na maabara huvitumia kupimia zebaki. Ila mtu akikuletea bakteria wa aina hiyo kwenye ndoo awauze kama dawa ya bwawa lako, kataa. Mvuke unaotoka unahama tu, na mvua itaurudisha.

Anza kabla zebaki haijaguswa

Zebaki ambayo haikugawanyika vipande vidogo ina uso mdogo wa kuyeyukia. Unapoimimina ndani ya kinu pamoja na mawe yote, mawe yanaisaga iwe unga, kila kipunje kinapata uso wake, na sehemu kubwa inatoka na tope bila kukamata dhahabu yoyote. Hasara ni ya aina mbili kwa mkupuo mmoja, fedha na sumu. Osha mawe yaliyosagwa kwenye ubao wenye zulia kwanza, kusanya mchanga mzito, kisha tumia zebaki kwenye mchanga huo peke yake, ndani ya karai au beseni, mahali ambapo maji yanayomwagika yanarudi kwenye chombo. Kwa njia hii zebaki inayopotea hukaribia uzito wa dhahabu iliyopatikana. Kwa kuchanganya mawe yote, hupotea mara kadhaa ya uzito huo.

Mafuta ya mashine huifanya zebaki iwe unga haraka. Angalia karasha inayovuja oili, na usioshe mchanga kwa maji yaliyomwagikiwa dizeli. Zebaki iliyochoka, inayojigawa vitone visivyoungana, isirudishwe kazini kabla ya kusafishwa, kwa sababu vitone hivyo ndivyo vinavyokwenda kuishia kwenye marudio.

Kuchoma kufanyike ndani ya ritoti, kile chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba linalopoza mvuke na kuurudisha kuwa kimiminika. Kikitumika vizuri hurejesha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki. Mdomo wa bomba uwe karibu sana na maji lakini usizame ndani yake, la sivyo chombo kikipoa kinaweza kuvuta maji ndani. Kazi hii isifanyike jikoni wala mahali watu wanapolala, na mjamzito asiwe karibu.

Na kama mchanga wako mzito una dhahabu nyingi, zebaki inaweza kuachwa kabisa. Wachimbaji wadogo wa Benguet, Ufilipino, wameyeyusha mchanga wao kwa boraksi kwa miongo kadhaa. Boraksi hushusha kiwango cha joto ambacho madini mengine huyeyukia, yanakuwa kimiminika chepesi kinachoelea, na dhahabu inazama chini. Njia hii inadai mchanga usafishwe vizuri sana kabla ya kuwekwa motoni. Ninaipenda kuliko zote kwa sababu haimwachii bakteria chochote.

Usipeleke marudio yenye zebaki kwenye sayanaidi

Kama utafuata jambo moja tu katika makala haya kwa ajili ya mto na ziwa, lifuate hili.

Utaratibu wa siku hizi unajulikana. Mchimbaji anachenjua kwa zebaki, anapata theluthi au zaidi kidogo ya dhahabu yake, kisha marudio yanauzwa kwa mwenye matenki ya sayanaidi. Sayanaidi inafuata dhahabu iliyobaki. Tatizo ni kwamba haiyeyushi dhahabu peke yake, inayeyusha na zebaki. Vipunje ambavyo vingekaa kwenye mchanga, vizito na visivyohama, sasa vinakuwa maji. Zebaki hiyo huungana na sayanaidi kwa namna kadhaa. Mojawapo, zebaki moja na sayanaidi mbili, huyeyuka sana majini na haina chaji. Hebu irudie sentensi hiyo ukiwa na utando wa bakteria akilini. Umechukua metali iliyokuwa imelala, ukaipa uwezo wa kusafiri na maji, kisha ukaiondolea chaji ambayo ingeizuia mlangoni.

Baada ya siku nyingi juani sayanaidi yenyewe huvunjika, na mwenye matenki hujifariji kwamba hatari imekwisha. Zebaki haivunjiki. Inabaki kwenye maji na tope ikitafuta mwenza mwingine, na ikiwa bwawa limevuja hadi kwenye majaruba au kijito, mwenza huyo atakuwa uozo wa majani.

Sehemu nyingine ya zebaki hukamatwa na makaa ya kaboni pamoja na dhahabu. Makaa yakipelekwa kuchenjuliwa na kuchomwa, mvuke unatoka mahali ambapo wafanyakazi hawakutarajia zebaki hata kidogo.

Mkataba wa Minamata, ambao ulisainiwa Kumamoto, Japani, mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unataja vitendo vinne vya wachimbaji wadogo vinavyotakiwa kukomeshwa: kuchanganya zebaki na mawe yote, kuchoma hadharani, kuchoma kwenye makazi, na kuchenjua kwa sayanaidi marudio yaliyotiwa zebaki kabla zebaki haijaondolewa. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kitendo cha nne hakizungumzwi mialoni kama vile vitatu, labda kwa sababu hakina moshi.

Ufanyeje basi? Kama unajua kuwa mawe yako yataishia kwenye sayanaidi, usiyatie zebaki tangu mwanzo. Kamata dhahabu nzito kwa zulia, yeyusha kwa boraksi, na mengine yote yaende kwenye tenki yakiwa safi. Kokotoa: dhahabu ambayo ungeipata leo kwa zebaki haipotei, utaipata siku chache baadaye ndani ya makaa. Kama marudio ya zamani tayari yana zebaki, yapitishwe tena kwenye zulia au juu ya vibamba vya shaba vilivyopakwa fedha, ambavyo hunasa vipunje. Hupunguza, haviondoi yote. Na wewe mwenye matenki, muulize anayekuuzia marudio swali la zebaki kabla ya bei, na yale yenye zebaki yatenge.

Mahali pa kuyaweka marudio

Bakteria wanaotengeneza methili-zebaki wanahitaji vitu vitatu: mahali pasipo na oksijeni, chakula kilichooza, na salfeti au chuma cha kupumulia. Mawe mengi ya dhahabu yana salfaidi, na salfaidi ikikutana na hewa na mvua hutoa salfeti. Kwa hiyo moja ya mahitaji yao umeshawapa bila kujua. Wanyime mengine mawili.

Usimwage marudio kwenye duara la zamani lililojaa maji. Najua ndiyo njia rahisi ya kuondoa lundo, lakini chini ya shimo la namna hiyo, penye maji yasiyotembea na majani yanayodondoka kila msimu, pana kila kitu bakteria hao wanachotaka. Chagua mwinuko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za namna hii ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kwenye mteremko mkali mita hizo hazitoshi, sogea zaidi. Sakafu ishindiliwe mfinyanzi. Maji ya mvua yanayotoka juu yachepushwe kwa mfereji kabla hayajafika, na maji ya ndani yatolewe ili tope likauke.

Usitupe takataka za jikoni juu ya lundo. Usichimbe choo pembeni. Usiruhusu ng'ombe kunywa hapo, kwa afya yao na kwa kinyesi watakachoacha. Wengine hufikiri samadi itasaidia majani kuota upesi na kuficha lundo. Kwenye marudio yenye zebaki, ukiongeza samadi unaongeza chakula cha wale wale tunaotaka wafe njaa.

Sasa, ukikausha lundo lenye salfaidi nyingi na kuliacha wazi, hewa na mvua vitatengeneza tindikali, nayo itaondoka na metali nyingine. Kwa hiyo kukausha hakutoshi, funika. Weka tabaka la mfinyanzi ulioshindiliwa, na juu yake udongo mwekundu. Udongo mwekundu wa Kanda ya Ziwa, wenye oksidi za chuma, hushika zebaki vizuri, na ni mojawapo ya sababu zilizofanya isienee zaidi kuliko ilivyoenea. Upo bure miguuni mwako.

Funiko hilo linasaidia pia dhidi ya arseniki, ambayo huambatana na dhahabu kwenye miamba mingi. Arseniki ina milango yake mwenyewe. Penye oksijeni huwa arseneti, inayofanana sana na fosfeti, na bakteria huiingiza kwa protini zile zile za kupokelea fosfeti, kama abiria aliyepanda basi kwa tiketi ya mwenzake. Pasipo na oksijeni huwa arsenaiti, isiyo na chaji kwenye maji ya kawaida, na hupita kwenye mrija wa protini uliokusudiwa gliseroli. Kwenye matope yasiyo na hewa, oksidi za chuma zilizoishika arseniki huyeyuka na kuiachia kisimani.

Majaruba yanastahili tahadhari ya pekee. Kahama na Shinyanga wanalima mpunga na kuchimba dhahabu, wakati mwingine kwenye bonde moja. Jaruba lililofurika ni tope lisilo na oksijeni, lina mizizi na mabua yanayooza, ni nyumba kamili ya bakteria hao. Huko Wanshan, mkoa wa Guizhou nchini China, palipochimbwa zebaki yenyewe, watafiti walikuta wanavijiji wakipata methili-zebaki zaidi kwenye wali kuliko kwenye samaki. Maji ya mwalo yasiingie kwenye mfereji wa mpunga hata kidogo, na tope la mwalo lisitumike kurekebisha matuta ya jaruba.

Ukienda kupima

Ukipeleka sampuli ya tope maabara na kuomba "kipimo cha zebaki", utaletewa jumla yake. Jumla hiyo haikuambii kiasi gani kimepita ndani ya bakteria. Lundo kavu lenye zebaki nyingi linaweza kuwa na methili-zebaki kidogo kuliko kinamasi kilicho chini yake chenye zebaki haba. Omba vipimo vyote viwili. Chukua tope la sentimita chache za juu kwenye sehemu yenye maji, si kwenye lundo, lijaze chombo hadi juu ili hewa isibaki, lifunike lisipigwe na mwanga, liweke kwenye barafu, na lifike maabara mapema. Kwa Tanzania, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo ya kuanzia kuuliza.

Kwa samaki, pima wakubwa wanaokula wenzao. Vipimo vilivyofanywa kwenye maeneo ya dhahabu ya Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990 vimeonyesha, kwa sehemu kubwa, samaki wenye zebaki ndogo. Dagaa ni wadogo na wanaishi muda mfupi, hawapati nafasi ya kulimbikiza. Kwa hiyo tafadhali usimkataze mjamzito dagaa kwa kuogopa zebaki. Tahadhari iwe kwa samaki wakubwa waliovuliwa kwenye mashimo na vijito vinavyopokea maji ya mialo.

Kwa watu, kipimo hutegemea njia ambayo sumu imepitia. Anayechoma dhahabu apimwe mkojo, kwa sababu mvuke huonekana huko. Anayekula samaki au wali wa bondeni apimwe nywele, kwa sababu methili-zebaki hujifungia humo nywele zinapoota. Zikatwe karibu kabisa na ngozi ya kichwa, upande wa kisogoni, na upande wa mzizi uwekewe alama. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo sentimita tatu za kwanza zitaeleza miezi mitatu iliyopita. Waanze wajawazito na wanawake wanaotarajia kupata mimba.